Nilimsingizia Mwenzangu, Faili Likanisuta

Najua mmezoea kuingia hapa kusoma nani kaachana na nani, nani kanunua gari la mkopo akatuambia ni zawadi. Leo hadithi ni yangu mwenyewe, na kwa bahati mbaya mimi ndo mbaya wa hadithi. Ndani kuna msanii, kuna albamu na kuna siri iliyovuja. Pia kuna mambo ya kompyuta, ila usikimbie, nitaenda taratibu. Majina yote kapuni.

Nina miaka 25. Elimu yangu ni kidato cha nne, matokeo tusiyaongelee. Kutengeneza tovuti nilijifunza mwenyewe usiku, kwa bando la usiku, kwenye simu iliyopasuka kioo. Baadaye nikapata laptopu ya mtumba ambayo betri yake ikichomolewa kwenye umeme inakata roho hapohapo. Mwenzangu, tumwite Fundi, tumesoma naye darasa moja. Yeye ana kichwa cha mahesabu, mimi nina mdomo na jicho la rangi. Mimi naishi Tandika, yeye Mbagala Rangi Tatu. Tukasema tuungane, kazi zikija tugawane nusu kwa nusu.

Kazi kubwa ya kwanza ilitoka kwa dada mmoja msanii. Ukisikia sauti yake utamjua, kwa hiyo siielezi. Alikuwa anatoa albamu, menejimenti yake ikataka tovuti ya kuizindua. Malipo laki nane, kianzio laki tatu. Wadau, laki nane kwa vijana wawili wasio na cheti ni pesa ya kukufanya uoge mara mbili kwa siku.

Siri ilikuwa moja. Kwenye orodha ya nyimbo kulikuwa na kolabo na kaka mmoja mkubwa, ambaye mji mzima uliamini wana bifu. Ukurasa wa orodha ile ulitakiwa kufichwa mpaka Ijumaa saa sita usiku. Meneja alituambia mara tatu. Mara ya tatu alitutazama machoni.

Jumatano usiku ukurasa ukaonekana. Alfajiri picha za orodha zilikuwa kwenye magrupu yote ya WhatsApp, mpaka shangazi yangu wa Kilosa akanitumia, "Umeona hii?" Kiki waliyoipanga miezi mitatu ikaisha watu wakiwa bado kitandani.

Meneja akapiga. Swali lilikuwa fupi: "Nani kafungua ule ukurasa?"

Nikajibu, "Siyo mimi. Ni mwenzangu, yeye ndo anashika mambo ya kurasa."

Na niliamini. Hapo naomba mnielewe. Sikudanganya, nilibahatisha, ila nilibahatisha kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Fundi alisema hata bando hakuwa nalo usiku ule. Nikamwambia kila mwizi ana bando lililoisha. Meneja akamtoa kwenye kazi. Mimi nikamalizia peke yangu, nikalipwa zile laki tano zilizobaki, na sikumpelekea hata senti. Fundi akaacha kupokea simu zangu. Mama yake akawa ananisalimia kwa mbali, "Hujambo," bila lile la kuuliza nimekula nini.

Sasa tuje kwenye kiini.

TULIVYOKUWA TUNAFANYA KAZI

Tovuti ni kodi. Siyo kodi ya mwenye nyumba, ni yale maandishi ambayo kompyuta inayasoma ili ijue ioneshe nini. Mkiwa wawili mnaandika kodi ileile, kila mmoja kwenye mashine yake, lazima muwe na namna ya kuunganisha. Namna yetu ilikuwa kufunga folda kwenye zipu na kutumiana WhatsApp, au flashi kupitia mtu anayeelekea huko. Kwenye laptopu yangu kulikuwa na folda hizi, sizushi: "tovuti_mpya", "tovuti_mpya_ya_mwisho", "tovuti_mwisho_kabisa", "tovuti_usiguse_hii". Uliza ipi ilikuwa ya mwisho. Siku nyingine hata mimi nilikuwa sijui.

Kumbe duniani watu walishalitatua hili kabla sijazaliwa. Kuna programu ambazo kazi yake ni kukumbuka. Unaandika kodi, unaiambia programu, "Tunza hatua hii," unaweka na ujumbe mfupi wa ulichofanya. Inatunza mabadiliko, jina la aliyefanya, siku na saa. Mkikosea mnarudi nyuma. Mkiandika wawili, inawaunganishia, na mkigusa mstari mmoja inawasimamisha iwaulize nani afuatwe. Programu ya kwanza ya aina hii inayojulikana, SCCS, ilitengenezwa mwaka 1972 kwenye maabara za Bell, Marekani. Sisi bado tulikuwa tunatumiana flashi.

Inayotawala leo ni Git, na kwa kuwa hii ni blogu ya umbea, historia yake nayo ina bifu. Watengenezaji wa Linux walikuwa wanatumia BitKeeper, programu ya kampuni binafsi, ambayo walipewa bure kwa masharti. Mwaka 2005 mwenye nayo akamtuhumu mtaalamu mmoja, Andrew Tridgell, kwamba anachungulia programu inavyoongea na seva yake ili atengeneze ya kwake. Akaondoa ile ofa ya bure. Linus Torvalds, mwenye Linux, akakaa chini Aprili mwaka huohuo akaandika Git. Mwezi uleule mtu mwingine akaanzisha Mercurial kwa sababu ileile. Bifu moja likazaa watoto wawili. Na hilo jina Git ni tusi la mtaani kule Uingereza, maana yake mtu wa hovyo. Linus alitania kwamba miradi yake huwa anaipa jina lake mwenyewe.

SIKU NILIPOSUTWA

Miezi mitano baada ya lile sakata, kazi zilikuwa hazipatikani. Kila tangazo la kazi niliyofungua lilitaka mtu anayejua Git. Nikaamua nijifunze. Nilihitaji mradi wa kufanyia mazoezi, nikachukua zile zipu zote za tovuti ya dada. Nikazipanga kwa tarehe, za kwangu na za Fundi, nikaziingiza kwenye Git moja baada ya nyingine, kila moja hatua yake. Nilikuwa napanga baadaye niiweke GitHub, wateja waone kazi yangu.

Git ina amri ya kulinganisha hatua mbili. Inakuonesha mstari uliofutwa kwa rangi nyekundu na uliowekwa kwa kijani. Nilikuwa najichezea tu, nalinganisha hii na ile, mpaka nikafika kwenye zipu ya Jumanne, ya Fundi. Kijani: ukurasa wa nyimbo, onesha, HAPANA. Fundi alikuwa ameuficha.

Nikaenda hatua inayofuata. Jumatano, saa tano na dakika kumi usiku. Zipu yangu. HAPANA nyekundu. Kijani: NDIYO.

Wadau, nilikaa nikaangalia ule mstari mpaka kioo cha laptopu kikazima chenyewe.

Kumbukumbu ikaanza kurudi. Jumatatu niliweka NDIYO mimi mwenyewe, nione picha zimekaaje. Jumanne Fundi akarekebisha, akanitumia zipu mpya WhatsApp. Nikaipakua, sikuifungua. Jumatano usiku meneja akataka picha ya jalada ibadilishwe haraka. Nikabadilisha kwenye folda langu la zamani, nikapandisha lote juu. Faili langu la zamani likalalia faili jipya la Fundi. Yeye usiku ule hakuwa na bando kweli.

KISHAWISHI

Sasa sikilizeni sehemu ambayo naona aibu zaidi. Nilipojua, kitu cha kwanza nilichofanya hakikuwa kumpigia Fundi. Nilitafuta namna ya kukifuta.

Na Git inaruhusu. Kuna amri inaitwa ribesi. Inakuwezesha kuzipanga upya hatua zako: unaunganisha saba kuwa moja, unabadilisha ujumbe, unaondoa usiyoitaka. Kwa haki yake, haikuwekwa kwa ajili ya waongo. Watu wanaitumia kusafisha kazi kabla ya kuwaonesha wenzao, kama unavyopiga pasi shati kabla ya kutoka. Hata jina la mwandishi wa hatua Git inachukua lile unaloiwekea wewe. Inakuamini.

Niliiandika ile amri. Jumanne na Jumatano ziwe hatua moja, na historia ianzie kwenye tovuti safi iliyokamilika. Hakuna ambaye angejua. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sikukibonyeza, lakini msinipe sifa, kilichonizuia ni umeme. Ulikatika, na betri yangu mnaijua.

Usiku ule gizani nilijiambia Git ni ngumu, ngoja nitafute mfumo mwingine. Ulikuwa uongo wa kujipa muda ili nisiende Mbagala. Ila kama ujuavyo, hata mtu anayekimbia anaona vitu njiani.

NILIVYOVIONA NJIANI

Nilianza na Subversion, ya tangu mwaka 2000. Ina nidhamu: historia yote inakaa kwenye seva moja, kila mtu anapeleka kazi yake pale. Ofisini kwenye intaneti ya uhakika inafaa. Ila kutunza hatua lazima uifikie seva. Kwa mtu anayenunua bando la siku, maana yake bando likiisha kumbukumbu nayo imeisha. Nikapita.

Mercurial, yule pacha wa Git, nilimpenda. Amri zake zinaeleweka, hatua zinapewa namba kwenye mashine yako: sifuri, moja, mbili. Na ina kitu kizuri: hatua ikishatoka kwako kwenda kwa wenzako inahesabiwa imetangazwa, na ukitaka kuibadilisha inakukatalia kwanza. Ila marafiki wamepungua. Bitbucket, iliyoanza kwa ajili ya Mercurial, iliacha kuipokea mwaka 2020. Mozilla, watu wa Firefox, mwaka 2023 walitangaza wanahamia Git. Ni kama msanii mzuri aliyekosa meneja.

Jujutsu ni mgeni, alianzishwa na mhandisi wa Google, Martin von Zweigbergk. Inakaa juu ya Git, kwa hiyo mwenzako akiwa na Git mnafanya kazi pamoja bila yeye kujua. Kila ukiipa amri yoyote, inatunza kwanza hali ya mafaili yako bila kuambiwa. Na inaandika kila kitendo ulichofanya, ukiharibu unairudisha kwa neno moja. Kwa mwenye betri kama yangu hiyo ni dawa, mradi ukumbuke kuipa amri mara kwa mara. Bado naichezea.

Halafu nikakutana na Fossil.

Fossil iliandikwa na D. Richard Hipp, yule aliyetengeneza SQLite. SQLite huijui kwa jina ila unayo mfukoni: ni programu ya kutunza taarifa iliyomo kwenye simu za Android na iPhone. SQLite yenyewe inatunzwa kwa Fossil tangu mwaka 2009, siyo kwa Git. Programu yote ni faili moja, na mradi wako na historia yake yote unakaa kwenye faili moja pia. Unaliweka kwenye flashi, unampa kondakta wa daladala, linafika. Ndani kuna sehemu ya kuandika kasoro na kurasa za maelezo, na vyote vinafunguka kwenye kivinjari hata bila intaneti. Intaneti ikiwepo, kila ukitunza hatua inapeleka yenyewe kwenye ghala la pamoja, na kabla ya hapo inaangalia kama mwenzako ametangulia. Laiti tungekuwa nayo ile Jumatano, ingeniambia: Fundi ameleta kitu, kaangalie kwanza.

Ila kilichonikamata ni kingine. Fossil haina ribesi, kwa makusudi. Wenyewe wameandika ukurasa mrefu kueleza kwa nini. Msimamo wao ni kwamba historia ya mradi ioneshe kilichotokea kweli, pamoja na makosa, siyo kile ulichotamani kitokee. Ukikosea ujumbe unaweza kuurekebisha, lakini marekebisho yanakaa juu na wa zamani unabaki chini. Ipo njia ya kuondoa kitu kabisa, mfano umeweka nywila kwa bahati mbaya, ila ni mlango wa dharura, siyo wa kupitia kila siku.

Nilisoma ule ukurasa mara mbili. Mtu ambaye hanijui, yuko Marekani, ananisema mimi na kidole changu.

Nikahamisha mradi wote kutoka Git kwenda Fossil, hilo linawezekana. Jumanne, Jumatano, HAPANA, NDIYO, saa tano na dakika kumi, vyote. Nikaliweka lile faili kwenye flashi na kupanda daladala kwenda Rangi Tatu.

MBAGALA

Mama yake ndo alifungua. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba. Yupo ndani." Basi.

Fundi alikuwa anarekebisha simu ya mtu. Sikutoa hotuba. Nilimwambia, "Kaka, ni mimi. Si wewe. Angalia." Nikachomeka flashi. Akaangalia mtiririko wa hatua toka chini hadi juu, polepole, kama mtu anayesoma risiti ya hospitali. Alipofika kwenye ile Jumatano akasimama. Akatabasamu kidogo, siyo tabasamu la kufurahi.

Akaniambia, "Hii inaonesha ulichofanya. Haioneshi kwa nini hukunifuata ukaniuliza."

Nimetafuta jibu la hilo neno mpaka leo sijalipata. Hakuna mfumo wenye safu ya kuandika kwa nini ulimuamini meneja uliyemjua wiki tatu ukamwacha rafiki wa miaka kumi.

Kwa upande wa pesa tulihesabu. Kianzio tuligawana. Zile laki tano, nusu ni yake, laki mbili na nusu. Nimeshalipa laki moja na themanini, bado elfu sabini, na narudia hapa hadharani ili nisijisahaulishe. Meneja nilimwandikia ujumbe mrefu nikieleza yote, na kwamba Fundi hakuwa na kosa. Tiki mbili za bluu. Mpaka leo hajajibu. Dada naye anaendelea kuimba, na yule kaka wa kolabo siku hizi wanapostiana kama ndugu. Dunia yao ilishasonga, sisi ndo tulibaki kwenye ile Jumatano.

Tumerudi kufanya kazi, ila kwa masharti yake. Kazi zetu wawili ziko Fossil, na kila mmoja anaingia kwa jina lake. Mimi siruhusiwi kupandisha kitu juu kabla sijachukua cha kwake. Kazi za wateja tunatumia Git, kwa sababu ndiyo wanayoitaka, na msaada wake umejaa mtandaoni ukikwama. Sitawadanganya kwamba Fossil itaishinda Git. Waliokwama kwenye Fossil ni wachache, kwa hiyo hata majibu ni machache. Na mtu mwaminifu anaweza kutumia Git maisha yake yote bila kumsingizia mtu. Mimi nilijijua tu kwamba kidole changu kinahitaji kufungiwa mlango.

Kwa hiyo mdau, kama unaandika kodi na mwenzio, au hata kama mnatunza mahesabu ya duka kwa kutumiana mafaili, acheni "mwisho_kabisa". Chagueni mfumo kwa kuangalia maisha yenu: umeme wenu, bando lenu, mko wangapi, na mkikosana mtaamini nini. Kisha mkikosana, kabla hata ya kufungua huo mfumo, pigeni simu.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini, "Mwaga jina la huyo dada." Sitaji. Ila wewe uliyewahi kumsingizia mtu ukaja kugundua ni wewe, niambie ulianzaje mazungumzo. Fundi naye huwa anasoma maoni.